Uzi: Iowa Barnstormers, timu iliyozaliwa, ikauzwa, ikafufuka, na yule jamaa aliyekuwa anapanga makopo supamaketi

Mwanaziwa

Wakuu habari za saa hizi. Juzi kwenye uzi wa mambo ya Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, niligusia kwamba huku ninakoishi tuna timu ya mpira wa Kimarekani unaochezwa ndani ya ukumbi, watu watatu wakanifuata inbox wananiuliza mpira wa ndani ndio upi tena, mmoja akadhani nazungumzia futsal. Nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja bora nishushe uzi kabisa.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Uvira, nimekulia kambini Nyarugusu pale Kigoma, na tangu 2016 nipo Des Moines, Iowa. Ndiyo, Iowa, kule kwenye mahindi na nguruwe. Warundi na Wakongo tupo wengi kuliko mnavyodhani, ukienda duka la Waafrika Jumamosi utasikia Kiswahili cha kila aina mpaka cha kukufanya ujiulize hiki nacho kimetoka mkoa gani.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu Iowa ni kwamba jimbo zima halina timu hata moja ya ligi kubwa. Hakuna ya NFL, ile ligi kubwa ya mpira wa Kimarekani, hakuna ya NBA ya basketi, hakuna ya besiboli kubwa. Watu wanashabikia vyuo vikuu na hizi timu ndogo ndogo. Kwa hiyo timu ambayo kwingine ingekuwa ya kupita tu, huku watu wanaijua kwa jina na wanabishana juu yake kinyozi.

Mwaka 2017 mwezi wa tatu mwenzangu wa kazini alinipa tiketi, akasema twende football. Mimi nikavaa jezi yangu ya TP Mazembe. Msicheke. Nafika ukumbini nakuta kiwanja kidogo kama cha basketi kilichovutwa, zulia la nyasi bandia, na pembeni hakuna mstari wa kutoka, kuna ukuta. Ukuta umevalishwa magodoro. Nikauliza magodoro ya nini. Dakika kumi baadaye mtu wa kilo mia na kitu akaruka kudaka mpira, akapita juu ya ukuta, akatua kwenye mapaja ya mama mmoja safu ya mbele na bisi zote chini. Mama kasimama anashangilia! Mpira ukienda jukwaani wala haurudishwi, aliyeudaka ni wake anaondoka nao nyumbani. Nikasema hapa nimefika.

Naendelea chini, nipeni muda, nipo breki.

Chuma_Chakavu

Nimeweka kiti hapa mkuu. Ila jezi ya Mazembe 😂😂😂

DadaWaKurasini

Mkuu usije ukakata uhondo kama ule uzi wa Nyarugusu ulioishia njiani. Tunakufahamu.

Mwanaziwa

Sawa, tuanze na huu mchezo wenyewe umetokea wapi maana historia ya timu imefungwa na mtu mmoja. Anaitwa Jim Foster. Februari 1981 alikuwa Madison Square Garden pale New York anaangalia mechi ya mastaa wa soka la ndani, ule wa kuchezea kwenye kiwanja cha hoki. Akiwa pale jukwaani likamjia wazo, kama soka limewezekana humu ndani kwa nini mpira wetu usiwezekane. Akatoa bahasha ya kaki akachora kiwanja juu yake. Bahasha ya kaki wakuu, ile ya kuwekea barua za maombi ya kazi.

Ikachukua miaka. Mechi ya kujaribu ilichezwa 1986 kule Rockford, Illinois, na ligi yenyewe, Arena Football League, ikaanza 1987 na timu nne tu: Chicago, Denver, Pittsburgh na Washington. Kiwanja yadi 50 badala ya 100, upana futi 85 kwa sababu ndio upana wa barafu ya hoki, na kila upande watu 8 badala ya 11. Wachezaji wengi walitakiwa wacheze mbele na nyuma, yaani umetoka kushambulia unageuka unakaba, hakuna kukaa benchi unakunywa maji.

Halafu ujanja wake mkubwa ni nyavu. Nguzo za goli ni nyembamba sana, na pembeni yake zimetundikwa nyavu kubwa zilizokazwa, ukipiga mpira ukakosa nguzo unagonga wavu unarudi uwanjani na mchezo unaendelea, yeyote anaweza kuudaka akakimbia nao. Foster akaenda akachukua hataza ya mchezo mzima, yaani haki ya kisheria mtu asiuige bila ruhusa yake, akapewa 1990. Ndio maana ligi nyingine za ndani zilipoanza kuota kama uyoga zikacheza bila nyavu, zilikuwa zinaogopa kesi. Hataza ikaisha 2007 lakini nyingi zilishazoea hivyo hivyo.

Sasa huyu Foster ni mtu wa Iowa. Alipomaliza kuwa bosi wa ligi akarudi nyumbani, na 1995 akaanzisha timu Des Moines. Iowa Barnstormers.

Jina linatokana na wale marubani wa zamani, miaka ya 1920, waliokuwa wanazunguka vijijini na ndege kuukuu wanatua kwenye mashamba ya watu, wanafanya sarakasi hewani, wanakusanya hela wanahamia kijiji kingine. Kofia za timu zilichorwa miwani ya rubani mbele, yaani mchezaji akikuinamia unaona kama anataka kuruka. Ukumbi wao ulikuwa Veterans Memorial Auditorium, jengo la 1955, wenyeji walikuwa wanaliita The Barn, banda la shambani. Wazee wa huku wanasema kelele za mle zilikuwa zinakaa kwenye masikio mpaka Jumatatu.

NyundoYaBonde

Sasa mbona timu nne tu halafu mnaita ligi, hiyo si bonanza la Pasaka?

Mwanaziwa

@NyundoYaBonde hata Ndondo Cup ilianza na watu wanacheka mkuu. Miaka ya baadaye ligi ilikua ikafika timu zaidi ya kumi na sita, mechi zikaonyeshwa kwenye televisheni kubwa za taifa. Subiri.

Kocha wa kwanza alikuwa John Gregory. Huyu hakuwa mtu wa kuokotwa, alishachukua Grey Cup ya Kanada 1989 na timu ya Saskatchewan, kombe la Kanada ndio kama Super Bowl yao. Akaja kwenye timu mpya akaanza kutafuta kwotabeki, yule mrushaji anayeongoza mashambulizi.

Hapa ndipo anaingia jamaa wa makopo.

Kurt Warner, mzaliwa wa Burlington, Iowa hapo hapo. Chuo alisoma Northern Iowa, akakaa benchi miaka mitatu akaanza mwaka wa mwisho tu. 1994 Green Bay Packers, timu ya NFL, wakamwita kambini kujaribiwa, wakamtema kabla ligi haijaanza. Akarudi Cedar Falls akapata kazi Hy-Vee, supamaketi kubwa ya huku, zamu ya usiku, kupanga makopo kwenye shelfu. Dola 5.50 kwa saa. Nyie mliopo Ughaibuni mnaijua hiyo zamu. Saa nane usiku upo wewe, trola, na redio. Mimi nimefanya kazi ya namna hiyo miaka miwili, sio kazi ya kumfanya mtu aseme mimi kesho nitakuwa staa.

Barnstormers wakamchukua 1995. Malipo yalikuwa kama dola elfu moja kwa mechi. Mwanzoni alihangaika kwa sababu kwenye kiwanja kidogo kile kila kitu ni haraka, ukishika mpira sekunde mbili umeshaangushwa, lazima uachie kabla mwenzako hajageuka. Watu wengi wanasema pale ndipo alipojifunza kurusha haraka vile. Mimi nakubaliana nao, ukimwangalia alivyokuja kucheza NFL unaona kabisa huyu amelelewa kwenye chumba kidogo.

1996 wakashinda mechi 12 wakapoteza 2, wakaingia fainali, ArenaBowl ya kumi, ikachezwa nyumbani kwao kwenye lile banda mbele ya watu zaidi ya 11,000. Wakafungwa na Tampa Bay Storm 42 kwa 38. Nyumbani. Pointi nne.

1997 wakarudi fainali tena, safari hii kule Arizona, Rattlers wakawachapa 55 kwa 33 na hiyo haikuwa na mjadala.

Mwaka ule ule 1997 Chicago Bears, nao wa NFL, walitaka kumjaribu Warner. Akashindwa kwenda. Sababu? Aliumwa na buibui kwenye kiwiko cha mkono wa kurushia, tena akiwa fungate.

DadaWaKurasini

Buibui??? Hapo mkuu kwetu tungeshampeleka kwa mtaalamu, huyo buibui ametumwa.

Chuma_Chakavu

Ametumwa na kwotabeki wa Bears 😂

BudaWaLikoni

Manze hii story sikuwa naijua. Mimi niko Minnesota na kila mtu hapa anaongea tu Vikings. Endelea buda.

Mwanaziwa

😂 Mpaka sasa sijaona mtu huku aliyefikiria upande huo, ila mama yangu nilipomsimulia alisema maneno hayo hayo ya Dada.

Kwa ufupi maana sehemu hii mnaweza kuipata popote: 1998 Warner akapelekwa kucheza Amsterdam kwenye ligi ya NFL ya Ulaya, akarudi St. Louis Rams kama akiba, 1999 kwotabeki wao Trent Green akaumia goti kabla ligi haijaanza, Warner akaingia. Pasi 41 za tachidauni, yaani za kufunga, msimu mmoja. Januari 2000 akashinda Super Bowl dhidi ya Tennessee 23 kwa 16 akirusha yadi 414, akawa mchezaji bora wa mechi na wa ligi. 2017 wakamwingiza kwenye Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa mchezo. Jezi yake namba 13 Barnstormers waliistaafisha.

Sasa naomba tumwache. Najua wengi mlikuja kwa ajili yake na hata wazungu ukiwatajia Barnstormers wanakujibu "aa, Kurt Warner", basi, mazungumzo yameisha. Ninachotaka kusema kwenye huu uzi ni kwamba historia ya timu hii iliyo nzuri ni ile ya baada ya yeye kuondoka, na hakuna anayeisimulia.

Fikiria. Warner ameondoka, ukumbi bado unajaa. Akaja Aaron Garcia kurusha, mtu hatari ambaye baadaye aliweka rekodi ya tachidauni za pasi kwenye ligi nzima, zaidi ya 1,300 kwenye maisha yake ya mpira. Timu inashinda. Halafu 2000 matajiri wa New York wakaitaka. Ligi ilishakuwa na thamani, kila mtu anataka timu kwenye mji mkubwa, na Des Moines sio mji mkubwa. Timu ikauzwa. Wachezaji, kocha Gregory, Garcia, wote wakahamia Long Island, wakaitwa New York Dragons, wakaanza kucheza 2001.

Jina Barnstormers likabaki Iowa. Wakaweka timu nyingine kwenye ligi ya chini iliyoitwa af2, ikacheza msimu huo mmoja wa 2001 ikafa. Banda likabaki kimya.

NyundoYaBonde

Hii ndio shida ya mpira wa Marekani mkuu, timu ni mali ya tajiri anaihamisha kama kontena. Hebu mtu ajaribu kuhamishia Simba Dodoma uone.

Mwanaziwa

@NyundoYaBonde umeongea. Jirani yangu mzee mmoja wa hapa, shabiki wa tangu 1995, nilimuuliza alijisikiaje. Akasema hakuangalia mpira wa ndani miaka saba. Anaweka kofia yake ya timu kwenye dashibodi ya gari, imepauka na jua, lakini ukumbini hakanyagi.

Miaka saba kwa sababu 2008 wakarudi. Des Moines walishajenga ukumbi mkubwa zaidi 2005, Wells Fargo Arena, siku hizi unaitwa Casey's Center. Timu mpya, jina lile lile, miwani ile ile kwenye kofia, ligi ya chini af2, na kocha nani? John Gregory. Mzee alirudi.

Na huo huo mwaka 2008 ndio ulikuwa msimu wa mwisho wa New York Dragons. Ligi kubwa ilikuwa imejaa madeni, ikafuta msimu wa 2009, ikafilisika, Dragons wakapotea moja kwa moja. Kwa hiyo timu iliyonunuliwa ikapelekwa mji mkubwa ndiyo iliyokufa, na jina lililoachwa kwenye mahindi ndilo lililobaki hai. Mzee jirani akifika hapo huwa ananyamaza anatabasamu tu.

2010 ligi ikaundwa upya na Barnstormers wakapandishwa. Hapo miaka mitano sina cha kuwaambia, walikuwa wanafungwa. Baada ya msimu wa 2014 wakaamua kujishusha wenyewe, wakaingia Indoor Football League. Hii ni ligi ya watu wa kawaida. Haina nyavu. Wachezaji ni vijana waliotoka vyuoni hawakuchukuliwa, wanalipwa kidogo sana, wengi asubuhi unawakuta kwenye jimu wanafundisha watu mazoezi au wanabeba mizigo. Wakati ule miji ilikuwa ya kati, Green Bay, Sioux Falls, Cedar Rapids, usafiri basi. Watu wakasema timu imeshuka hadhi. Lakini hesabu iko wazi, ile ligi waliyoikimbia ilibaki na timu chache chache mpaka 2019 ikafilisika tena. Waliojishusha walikula wali wao polepole.

MzeeWaTakwimu

Mleta uzi unajaza maneno ila ukweli unaukwepa. Timu hiyo ligi kubwa ilicheza fainali mbili ikapoteza zote. Ikashuka mchangani. Unachotuletea hapa ni historia ya timu iliyofeli iliyobahatika kupita mchezaji mmoja mzuri. Kama kuna kombe lete, kama hakuna funga uzi.

Mwanaziwa

@MzeeWaTakwimu nilikuwa nakusubiri wewe.

2018. Kocha Dixie Wooten, kwotabeki Daquan Neal, kijana anayekimbia kama anadaiwa. Wakaingia fainali, United Bowl, na mpinzani alikuwa Sioux Falls Storm. Kwa wasiojua, Sioux Falls ni mji wa South Dakota, saa nne hivi kwa gari kutoka hapa, na timu yao ndiyo ilikuwa Real Madrid ya mpira wa ndani wa daraja la chini. Walichukua ubingwa 2011 mpaka 2016 mfululizo, mara sita. Kabla ya hapo, kwenye ligi nyingine, walichukua mara nne mfululizo 2005 mpaka 2008. Hiyo ndio timu ya mchangani unayoisema.

Mimi siku hiyo nilikuwa zamu ya usiku kiwandani. Simu haziruhusiwi kwenye laini, kwa hiyo kila nikipata upenyo naenda chooni naangalia matokeo. Supavaiza akaniuliza nina tatizo la tumbo? Nikamwambia ndiyo, sana. Naingia wanaongoza, naingia tena wamepitwa, naingia tena wamerudi, kila upande ukishambulia unafunga. Mara ya mwisho nimeingia nikakuta imeisha.

Iowa 69, Sioux Falls 68.

Pointi moja wakuu. Miaka 23 tangu timu ianzishwe, ndio kombe la kwanza. Warner hakulipata hapa, Garcia hakulipata, Gregory hakulipata. Wamelipata vijana ambao hata majina yao huku watu wengi hawayajui. Nilirudi kwenye laini nikakuta mwenzangu mmoja Mrundi ananiangalia, nikamwonyesha vidole, kimoja. Akajua.

MzeeWaTakwimu

Hongera, lakini kombe la ligi ya chini ni kombe la ligi ya chini. Ukiondoa timu zenye hela ukabaki na za basi, hata mimi nitachukua. 1996 wangeshinda ningekuvulia kofia.

Mwanaziwa

Sawa, nikuulize. Mwaka 2017, mmoja kabla, bingwa wa ligi hiyo hiyo alikuwa nani? Arizona Rattlers. Wale wale waliowachapa Iowa fainali ya 1997 kwenye ligi kubwa. Nao walishuka. Timu zenye akili zilishuka zote, kwa hiyo usiniambie walibaki dhaifu tu.

Ila sitabishana sana. Ungeniuliza mimi nichague, fainali ya 1996 nyumbani au hii ya 2018, nachagua hii. Ile wangeshinda, ingekuwa kombe la Kurt Warner. Leo ingekuwa mstari mmoja kwenye maisha yake, baada ya buibui na kabla ya Super Bowl. Hili ni la Barnstormers.

BudaWaLikoni

Hapo umemaliza buda. Mzee wa Takwimu aende akalale.

MzeeWaTakwimu

Silali. Baada ya 2018 wamechukua lini tena?

Mwanaziwa

2019 Sioux Falls walilirudisha kwao wakiwafunga Arizona 56 kwa 53. 2020 korona, msimu ukafutwa. Baada ya hapo Barnstormers sio tishio, nasema ukweli, kuna misimu ukienda unaenda kwa ajili ya bisi. Lakini ninaenda. Tiketi ya juu bei yake haizidi chakula cha mgahawani, watoto wangu wawili wanapenda sana ile sehemu ya mwisho wa mechi ambapo wanaruhusiwa kushuka uwanjani kusainiwa na wachezaji. Wa kwanza ana mpira aliodaka mwenyewe, amelala nao wiki nzima.

Na mzee jirani? Mwaka juzi nilimchukua kwenye gari langu. Alikuja na ile kofia iliyopauka. Muda wote hajasema kitu zaidi ya kulalamika kwamba hakuna nyavu, huu sio mpira, Foster angelia. Kipindi cha pili jamaa akaangukia ukutani mbele yetu, mzee akasimama akapiga lile godoro kwa ngumi mbili.

DadaWaKurasini

Na ile jezi ya Mazembe bado unavaa?

Mwanaziwa

Navaa kila mechi Dada. Kuna mzungu wa mlangoni sasa ananiita "Mazembe", anadhani ndio jina langu.

Chuma_Chakavu

Mkuu msimu unaanza lini, nina binamu yangu kahamia Waterloo hapo hapo Iowa, anakufa na upweke.

Mwanaziwa

Unaanza majira ya kuchipua, Machi hivi. Waterloo si mbali, saa mbili kwa gari. Nitumie namba yake inbox, mwambie aje na jaketi maana nje bado baridi, na asikae safu ya kwanza kama hajajiandaa kupakata mtu.